Alianzia katikati

Ukumbi mzima ulikuwa kimya kwenye mtihani wa kusikiliza muziki, chombo kimoja tu kikisikika kutoka kwenye rekodi. Kilitoa sauti nyembamba, polepole, kama mtu anayetafuta maneno baada ya ugomvi. Hata robo dakika nadhani haikufika. Mwalimu akakizima, akakirudia mara ya pili, akakirudia mara ya tatu, kisha akasema, "Swali la nne. Mtunzi nani, kazi ipi, sehemu ya ngapi, zama zipi."

Niliandika kwa haraka na kwa kujiamini: Vivaldi, konseto ya obo (kazi ambayo zumari hiyo nyembamba huongoza okestra), zama za Baroko. Nilijiona bingwa, kwa sababu wenzangu kadhaa hawakujua hata kwamba ile ni obo. Jirani yangu wa kiti aliandika "filimbi ya huzuni" na kuiachia hapo.

Siku ya kurudishiwa karatasi, nilikuta nimepata 3 kati ya 20. Jibu la swali la nne lilikuwa Beethoven, simfoni ya 5 (simfoni ni kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa), sehemu ya kwanza. Ndiyo, hiyo hiyo ya noti tatu fupi na moja ndefu, ambayo hata mtu asiyewahi kukaa darasa la muziki anaweza kuigonga kwa kidole mezani. Ukumbi ukalipuka. "Mwalimu, hiyo haimo kwenye simfoni ya tano!" Akatungoja tumalize kelele, halafu akajibu: "Imo. Ninyi ndio hamkufika."

Nieleze kwanza nilifikaje pale. Mimi ni mtu wa uhasibu. Mwaka wa pili tulitakiwa kuchukua kozi moja ya hiari kutoka kitivo cha sanaa, na mimi nilichagua kwa kigezo kimoja tu: ipi inakaa Jumanne na Alhamisi mchana, ili Ijumaa yangu ibaki huru. Iliyokaa hapo iliitwa Utangulizi wa Muziki wa Klasiki wa Magharibi. Sharti la kujiunga hapakuwa. Kusoma noti si lazima, kupiga chombo si lazima. Nikasema hii ndiyo yangu, nitakaa, nitasikiliza, nitapewa alama.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpiga selo (ndugu mkubwa wa fidla), mwenye tabia ya kutuita "wanangu" hata akiwa amekasirika, na hasa akiwa amekasirika. Siku ya kwanza alitupa orodha ya kazi arobaini. Kuanzia nyimbo za watawa zilizoimbwa bila chombo, kupita kwa Hildegard wa Bingen aliyefariki mwaka 1179, hadi watunzi wa karne ya 20. Alisema kila mtihani wa kusikiliza utatoka humo.

Nikafanya kile ambacho mhasibu yeyote angefanya: nikachora jedwali. Safu ya jina, ya mwaka, ya zama, ya vyombo, na ya mwisho nikaiita "alama ya kutambulia". Kila usiku navaa hedifoni, nacheza sekunde kumi za mwanzo wa kila kazi, naruka kwenda nyingine. Kwa wiki mbili nilikuwa naweza kutaja kazi zote arobaini kabla noti ya tano haijaisha. Nilikuwa kama mtu aliyekariri sentensi ya kwanza ya kila riwaya kwenye maktaba na kujiita msomaji.

Mwalimu alilijua hilo kabla hajakutana nasi, maana alishafundisha miaka mingi. Ndiyo maana hakuwahi hata mara moja, muhula mzima, kuchezesha mwanzo wa kitu chochote kwenye mtihani. Alianzia katikati. Daima.

Baada ya zile 3 kati ya 20 nilikwenda ofisini kwake na jedwali langu. Nilidhani litamwonyesha kwamba nilijitahidi. Alilitazama kwa muda, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu, akaniuliza, "Mwanangu, safu ya dakika ya nne iko wapi?"

Nikanyamaza.

"Muziki huu," akasema, "umeandikwa na watu wanaoamini kwamba unakumbuka walichokuambia dakika nne zilizopita. Kama hukumbuki, kwako ni kelele zenye heshima."

Somo lililonigeuza lilikuwa la fuga. Alipoandika neno hilo ubaoni, jirani yangu aliinama akaninong'oneza, "Tunafuga nini?" na sote wawili tukatolewa nje dakika tano. Tuliporudi alikuwa ameshaeleza: fuga ni utungo ambamo wazo moja linaingia kwa sauti moja, kisha sauti ya pili inalichukua huku ya kwanza ikiendelea na mambo mengine, kisha ya tatu, kisha ya nne. Hakuna anayemsindikiza mwenzake. Wote wanasema, na wote wanasikika.

Kazi aliyotupa ilikuwa ya Bach, fuga ya kinanda cha kanisani katika ufunguo (yaani ngazi ya noti) wa G maina, ile inayoitwa "ndogo" ili isichanganywe na kubwa. Agizo lilikuwa jepesi: kila unaposikia wazo linaingia, nyosha mkono. Mara nne za kwanza tuliweza, kwa sababu sauti zinaingia kwa mpangilio, kutoka ya juu kabisa hadi ya chini kabisa inayopigwa kwa miguu. Mikono ikapanda pamoja, tukacheka kwa furaha. Baada ya hapo tukapotea. Mikono ilipanda pasipo na kitu, au ilibaki chini wakati wazo linapita mbele ya pua zetu, limejificha katikati ya sauti mbili nyingine. Mwalimu alisimama na mkono wake tu juu, peke yake, uso mkavu.

Nilirudia kipande kile chumbani kwangu labda mara thelathini. Kina dakika nne tu, kwa hiyo si sifa kubwa. Kuna usiku mmoja, sikumbuki ni mara ya ngapi, ndipo nikagundua kwamba sikuwa nangoja tena. Masikio yalikuwa yakigawanyika yenyewe. Moja linafuata sauti ya juu, lingine liko chini linalinda mlango. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Ni kama kukaa katika chumba chenye mazungumzo mawili na kuyafuata yote bila kugeuza kichwa.

Zama za Klasiki, zilizofuata Baroko, zilinifaa zaidi, kwa sababu zina mpangilio, na mimi ni mtu wa mpangilio. Sehemu ya kwanza ya simfoni nyingi za Haydn, Mozart na Beethoven hufuata umbo la sonata. Mwalimu aliligawa mara tatu: maonesho, ukuzaji, marejeo. Katika maonesho unatambulishwa kwa mawazo mawili, moja likiwa nyumbani kwenye ufunguo wake, lingine likiwa limehamia ufunguo mwingine. Katika ukuzaji yanavunjwavunjwa na kupelekwa mbali. Katika marejeo yanarudi, na safari hii lile la pili nalo linakuja kukaa nyumbani. Nilipolielewa hilo nilitamani kumpigia mtu simu. Ni mizania! Kuna deni limefunguliwa mwanzoni na mtunzi hana raha mpaka vitabu vifungwe.

Kwa macho hayo mapya nikairudia simfoni ya 5. Kwanza, haianzi na zile noti tatu. Ukitazama karatasi, kitu cha kwanza alichoandika Beethoven ni kituo kifupi cha kimya. Kimya ndicho kinachoanza, noti zinafuata. Pili, lile wazo la pili linatangazwa na pembe katika maonesho, lakini yakifika marejeo Beethoven anawapa tangazo hilo wapiga basuni, zumari nene ya sauti ya chini. Viongozi wengine wa okestra huamua kuwarudishia wapiga pembe, wakiona basuni ni dhaifu mno, na Mwalimu alikuwa na maneno makali kuhusu viongozi hao ambayo sitayaandika. Kwa mwanafunzi wa mtihani unaoanzia katikati, hiyo ni dhahabu: ukisikia basuni, ujue uko kwenye marejeo.

Na ile obo? Iko hapo hapo, mwanzoni mwa marejeo. Okestra imerudi nyumbani kwa kishindo, na ungetarajia iendelee kama ilivyoendelea mara ya kwanza. Badala yake kila mtu ananyamaza. Obo inabaki peke yake na ile sentensi yake ndogo, halafu mbio zinaendelea kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Sasa nilielewa kwa nini aliuliza pale. Katika maonesho, mahali pale pale, hakuna obo. Ukiwa hukumbuki maonesho, obo ile ni tuni nzuri tu. Ukikumbuka, ni mtu amekatiza kikao.

Simfoni hiyo ilisikika mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, kwenye onyesho lililochukua kama saa nne, ukumbi ukiwa na baridi kali. Usiku huo huo zilipigwa pia simfoni ya 6, konseto ya 4 ya piano, na mengine juu yake. Mwalimu alipotusimulia, mwenzetu mmoja aliuliza kama watu walilipwa kukaa.

Haydn alinichekesha, jambo ambalo sikulitegemea. Simfoni yake ya 94, iliyopigwa London mwaka 1792, ina sehemu ya pili yenye tuni ya kitoto inayonyatia. Inarudiwa kwa sauti ya chini zaidi, na ghafla okestra nzima inagonga mpigo mmoja mkubwa. Sote tuliruka, hata tuliokuwa tumeshasoma kwamba utakuja. Lakini alichotutaka Mwalimu tukisikilize ni kilichofuata. Haydn harudii mzaha wake. Tuni inarudi tena na tena katika sura tofauti, na kila mara mabega yako yanajikaza yakingoja pigo ambalo haliji. Mzaha wenyewe ni dakika tano za kungoja.

Schubert sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1815, akiwa na miaka 18, alichukua shairi la Goethe kuhusu baba anayekimbia usiku juu ya farasi akiwa na mtoto wake mgonjwa kifuani, na mfalme wa mizimu anayemwita yule mtoto njiani. Mwimbaji ni mmoja. Anaimba msimulizi, baba, mtoto na mfalme. Piano ndiyo farasi: mkono wa kulia unapigapiga noti zile zile tatu tatu kwa kasi isiyopumzika, mpaka nikawahurumia wapiga piano. Sikujua Kijerumani hata neno moja, na Mwalimu alikataa kutupa tafsiri kabla ya kusikiliza. "Niambieni kuna watu wangapi."

Wengi walisema wanne. Baadhi yetu tulisema watatu. Kilichonishangaza ni jinsi tulivyokubaliana kuhusu tabia zao bila kuelewa maneno. Baba yuko chini, ametulia, anajilazimisha. Mtoto anapiga kelele "baba yangu, baba yangu", na kila akirudia sauti inapanda juu zaidi, ikisuguana na piano hadi masikio yanauma. Mfalme anaimba kwa upole, kwa ufunguo wa meja, ule unaosikika mchangamfu, kama mtu anayembembeleza mtoto kwa zawadi. Mbaya ndiye mwenye tuni tamu. Hilo lilinikaa.

Na mwisho kabisa, baba anapofika nyumbani, farasi anasimama. Piano inanyamaza. Msimulizi anasema maneno ya mwisho karibu bila kuimba, kwamba mikononi mwake mtoto amekufa, yanafuata mapigo mawili ya piano, basi. Ukumbini hakuna aliyesogea. Jirani yangu wa kiti, yule wa "tunafuga nini", alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati na akaniambia ana mafua.

Si kila kitu kilinipata. Wagner alinishinda. Ile kazi yake ya opera nne inachukua kama saa 15 kwa jumla na aliifanyia kazi miaka 26. Tuliangalia kipande cha saa moja na nusu, nikasinzia, na sijuti. Schoenberg na utaratibu wake wa noti kumi na mbili, kwamba zote zitumike kwa zamu kabla ya kurudia, nilielewa hesabu yake vizuri kuliko darasa zima na sikupenda hata dakika moja ya sauti yake. Mwalimu alisema hayo ni maoni halali iwapo nimesikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimesikiliza mpaka mwisho. Mara mbili.

Kozi pia ilitulazimisha kuhudhuria onyesho moja la okestra na kuandika kurasa mbili. Nilikwenda na shati la kukopa. Walipiga simfoni ya 6 ya Tchaikovsky, ambayo haikuwa kwenye orodha yetu. Sehemu ya tatu ni maandamano yanayojijenga na kujijenga, ngoma, vyombo vya shaba, kila kitu, na inaisha kwa kishindo ambacho hakina maana nyingine ila mwisho. Nikasimama nikapiga makofi. Walikuwapo wengine waliopiga makofi. Waliosimama, mimi tu. Mzee wa kiti cha mbele aligeuka akanitazama kama mtu aliyeingia msibani na redio.

Halafu kiongozi akainua mikono na sehemu ya nne ikaanza, polepole, inazama, inazama, hadi zikabaki selo na besi zikififia kwenye giza. Tchaikovsky alifariki siku tisa baada ya kuiongoza mara ya kwanza, mwaka 1893. Nilikaa pale na aibu yangu, na aibu ikawa sehemu ya muziki, kwa sababu nilielewa kwamba nilikuwa nimeshangilia mahali ambapo hapakuwa mwisho.

Nilimsimulia Mwalimu nikitarajia karipio. Akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia Mozart aliandika barua kwa baba yake kutoka Paris, Julai 1778, akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake, pale pale alipokusudia. Na simfoni ya 7 ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza mwaka 1813, watu waliishangilia sehemu ya pili mpaka ikarudiwa. Hii adabu ya kukaa kama sanamu ilikuja baadaye. "Tatizo si kupiga makofi," alisema. "Tatizo ni kwamba yule mzee naye hakujua, alikariri tu."

Kuna jambo moja nililomlaumu, na nilimwambia waziwazi kwenye fomu ya maoni ya katikati ya muhula. Kati ya kazi arobaini, wanawake walikuwa wawili, Hildegard na Clara Schumann, na hapakuwa na hata mtunzi mmoja mwenye asili ya Afrika. Nilidhani labda hawakuwapo. Hakujibu fomu yangu. Fomu hazina jina, lakini nina hakika aliutambua mwandiko, maana alishaliona jedwali.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na swali la kipande ambacho hatujawahi kukisikia. Jina halitakiwi, alisema; toeni hoja. Akabonyeza. Ilikuwa katikati, kama kawaida. Nikasikia fidla, obo, pembe mbili kwa nyuma. Hapsikodi, kile kinanda cha zama za Baroko, haikusikika ikitawala. Sentensi zilikuwa fupi, zinajibizana, hii inauliza ile inajibu. Mara ufunguo ukaanza kuyumba, wazo likakatwa vipande, vipande vikapandishwa ngazi. Nikaandika: zama za Klasiki, miaka ya 1770 hivi, okestra ndogo, tuko kwenye ukuzaji wa umbo la sonata. Nikashindwa kujizuia, nikaongeza jina: Mozart.

Karatasi ilirudi na 9 kati ya 10. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Si Mozart. Ila mwaka 1778 walikuwa mji mmoja. Tafuta Saint-Georges."

Nikatafuta. Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake akiwa mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Alikulia Ufaransa akawa bingwa wa kupigana kwa upanga, mpiga fidla, mtunzi, na kiongozi wa okestra zilizosifika Paris. Okestra yake mojawapo ndiyo iliyopiga kwa mara ya kwanza simfoni sita ambazo Haydn aliombwa kuwaandikia. Mwaka 1776 alipendekezwa kuongoza Opera ya Paris, na waimbaji kadhaa wakamwandikia malkia kwamba heshima yao haiwaruhusu kuamrishwa na chotara. Hakupewa kazi hiyo. Miaka mitatu baadaye zilichapishwa simfoni zake mbili, na kipande cha mtihani kilitoka katika mojawapo.

Niliambiwa baadaye na mdogo wake jirani yangu, aliyechukua kozi hiyo mwaka uliofuata, kwamba orodha sasa ina kazi arobaini na tatu.

Jioni niliyoipata ile simfoni nilivaa hedifoni, nikalala chali. Sikuanzia mwanzo. Niliweka kidole katikati ya ule mstari wa dakika, nikafumba macho, nikabonyeza. Fidla zilikuwa zinapanda, ufunguo umehama, lile wazo limebaki kipande tu kinachorushwa kutoka upande huu hadi ule. Bado halijarudi nyumbani. Nikangoja.